Vumbi la Mzee Abdurahmani

Jioni ya Alhamisi Samira alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya jiko, akichambua dagaa, vichwa upande mmoja na miili upande mwingine, baba yake aliposukuma geti la bati akaingia uani. Walikuwa wamemzika Ijumaa iliyotangulia. Alivaa kanzu yake ya kijivu, ile ya kwendea msikitini, na ndara zake alizishika mkononi kwa sababu njia ya kutoka makaburini ilikuwa na tope.

"Shikamoo baba," Samira alisema.

"Marahaba mwanangu. Mvua imenyesha huku?"

"Imenyesha jana."

Mzee Abdurahmani akanawa miguu kwa maji ya ndoo, akavuta kiti cha plastiki barazani, akakaa. Kisha akageuza uso ukutani akaanza kukohoa.

Kikohozi kilikuwa kilekile. Kilianza chini, kwenye mbavu, kikapanda polepole kama mtu anayepandisha mzigo kwenye ngazi, na kilipofika juu kikakosa pa kutokea. Tofauti ilikuwa moja. Zamani hakikutoa kitu. Sasa kila alipokohoa lilitoka vumbi, laini, rangi ya majivu ya kuni, likashuka taratibu na kutulia chini ya ukuta. Alikohoa hadi adhana ya magharibi iliposikika kutoka msikiti mdogo wa senta. Hapo akasimama, akajifuta midomo, akasema anakwenda.

"Faridu yuko wapi?" aliuliza akiwa getini.

"Hajarudi."

"Mwambie nimekuja."

Samira alimaliza dagaa wake, akazoa vumbi kwa ufagio wa njukuti, akalimwaga kwenye shina la mgomba. Faridu aliporudi alimwambia. Mdogo wake alisimama kidogo akiwa ameshika baiskeli, halafu akauliza kama mzee amekula.

"Hakusema kama ana njaa," Samira alijibu.

Mzee Abdurahmani hakuwa na asili ya Tarime, ingawa alizaliwa hukohuko. Babu yake alikuja na vitambaa kutoka pwani, akaoa, akabaki, na yeye mwenyewe pwani hakuwahi kuiona. Alikuwa fundi baiskeli pale Bomani, kwenye kibaraza cha duka la mbegu. Mkewe alipofariki, Faridu akiwa bado ananyonya, alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya marehemu akaendelea kuziba pancha. Wanaume walisimama barabarani kumtazama. Mwanamume kubeba mtoto mgongoni ni jambo ambalo upande ule mtu hulisimulia mpaka Sirari. Waliokuja kumcheka aliwaomba wamshikie gurudumu, wakalishika, na baada ya muda wakazoea.

Nywele za Samira alizisuka yeye. Alikwenda kwa kina mama wa sokoni, akakaa kwenye gunia na kuangalia mikono yao, akarudi nyumbani akajaribu. Mistari yake ilipinda. Shuleni wasichana walicheka, na mwalimu mmoja alimwita Samira pembeni akajitolea kumfumua na kumsuka upya. Samira alikataa. Alikaa na mistari yake iliyopinda mpaka darasa la saba.

Kisha pikipiki zikajaa, baiskeli zikabaki za wauza maziwa na wauza mkaa. Samira alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Mzee alifunga sanduku lake la spana, akahamisha familia kijijini, mbele ya Nyarero, akaenda kuomba kazi kwa Kornelio. Kornelio ndiye aliyekuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kilimani nyuma ya kijiji. Kazi ya mzee ilikuwa kulisha mashine mawe na kukinga unga wake kwenye viroba. Alirudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi kucha, na hakumgusa mtu kabla ya kuoga. Aliwahi kumwomba bosi wake avute bomba la maji mpaka pale juu, mawe yalowanishwe kabla ya kusagwa, vumbi lisiruke. Kornelio alisema maji yanagandisha unga kwenye mashine na kuchelewesha kazi. Mzee alisema sawa. Baada ya muda akaomba tena, na Kornelio akamjibu vilevile.

Kikohozi kilipoanza, zahanati walimpa dawa za kifua kikuu. Akazimaliza, kikohozi kikabaki. Wakampa tena, akazimaliza tena. Samira, ambaye chuoni walikuwa ndio kwanza wamefika kwenye somo la mapafu, alipanda basi akarudi nyumbani na kumpeleka Mwanza. Daktari aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha akasema mapafu ya mzee yamejaa mawe. Aliyasema hayo kama mtu anayekwambia gari limeishiwa mafuta. Dawa hakuna, alisema, ila kukaa mbali na vumbi, na hilo lingefaa zaidi kama lingefanyika mapema.

Samira hakurudi chuoni. Alipanda kilimani kwa Kornelio kumweleza yaliyosemwa Mwanza. Kornelio alimwagizia soda, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Vumbi ni udongo," alimwambia. "Na binadamu ameumbwa kwa udongo. Haliwezi kumdhuru. Baba yako ana TB, dada. Hata zahanati wamesema hivyo."

Mzee aliugua miaka. Mwishoni hakuweza kulala chali wala ubavu, kwa maana akilala alizama kama mtu aliyeangukia kisimani. Kwa hiyo Samira alikaa kitandani nyuma yake, mgongo kwa mgongo, mzee akamwegemea, wakapata usingizi hivyo wakiwa wameketi. Asubuhi aliyofariki, Samira hakujua mpaka alipohisi mgongo wake mwenyewe umepata baridi. Adhuhuri walikuwa wameshamzika.

Na sasa alikuwa anakuja kila jioni, Samira akamweleza imamu wa msikiti wa senta. Imamu alikuwa akirekebisha kipaza sauti, waya mdomoni. Alimwambia amsalimie kama kawaida, ampe maji akitaka, na asimuulize ya huko anakotoka. Kisha akauliza kama Faridu anaweza kuja kumshikia ngazi.

Basi ikawa ndiyo kawaida ya nyumba. Samira alipika mapema ili baraza iwe tupu. Mzee aliingia, akanawa, akauliza mvua, akakaa na kukohoa. Kila mara aligeuza uso ukutani. Samira akimsogelea alimzuia kwa mkono.

"Kaa huko. Litawaingia."

Akipata nafuu kati ya kikohozi na kikohozi alitazama huku na huku na kuuliza habari za vitu: bawaba ya mlango imelegea, mbona hamjaikaza, yule mbuzi wa Wegesa bado anakula mahindi yenu? Siku moja aliomba kuona nywele za Samira. Samira akakaa chini mbele yake, akavua mtandio. Mzee alianza kusuka mstari wa kwanza, vidole vyake vikiwa na baridi ya kawaida ya mtu aliyetoka nje wakati wa mvua. Alifika nusu ya mstari, kikohozi kikampata ghafla, na kabla hajageuka vumbi likamwangukia Samira kichwani. Mzee aliacha kusuka. Alikaa muda mrefu akilitoa vumbi lile punje kwa punje, akipulizia pembeni, akinung'unika pole, pole mwanangu. Hakuomba tena kumsuka. Samira alikaa na nusu mstari ule wiki nzima, mpaka ukafumuka wenyewe.

Aliona pia kwamba mzee anapata nafuu. Kila alipotoa vumbi, pumzi ya kesho yake ilikuwa ndefu kidogo. Mwanzoni alisema maneno mawili akapumzika. Baadaye akawa anamaliza sentensi nzima. Samira alifikiri jinsi alivyokaa na mtu huyu miaka, akimpikia uji, akimfungulia madirisha, akimkanda mgongo kwa mafuta ya habasoda, na asimsogeze hata kidogo kwenye nafuu, na sasa anapona mbele ya macho yake, amekufa. Hakumwambia mtu. Alizoa vumbi akalimwaga kwenye mgomba.

Aliyeligundua jambo ni Wegesa, jirani. Alikuja kurudisha sufuria asubuhi baada ya mvua kubwa, akapita karibu na mgomba, akainama. Maji yalikuwa yamechukua vumbi jepesi na kuacha mstari mwembamba kwenye mfereji. Mumewe Werema alikuwa akifanya kazi karashani, kwa hiyo Wegesa alijua anachokitazama. Alikichota kwa kiganja akampelekea mumewe, Werema akakiosha kwenye karai, na jioni wote wawili wakaja.

"Samira," Wegesa alisema, "tata Abdu, baba yako, anakohoa dhahabu."

Mzee alikuwa barazani wakati huo. Werema alimwamkia, na mzee akaitikia bila kugeuka, akamuuliza kifua chake kinaendeleaje. Werema alisema kinambana kidogo asubuhi. "Kidogo tu, mzee."

Faridu aliposikia habari ya dhahabu alikaa kwenye kizingiti akatazama mikono yake. Alikuwa na umri wa kuoa, na sanduku la spana alilorithi lilikuwa linamlisha siku moja moja. Alisema wanaweza kulikusanya. Wanaweza kuliosha wenyewe, taratibu, bila makelele, na Samira akarudi chuoni kumaliza alichokianza. Samira alisema wamuulize baba.

Wakamuuliza kesho yake. Mzee alisikiliza, akatazama chini kwenye kile kilima kidogo cha vumbi miguuni pake kana kwamba hakuwahi kukiona.

"Nyunyizieni maji kabla ya kulizoa," alisema. "Na mfunge vitambaa puani. Mengine fanyeni mnavyoona."

Hawakupata muda wa kufanya wanavyoona. Kijiji ni kidogo na Werema alikuwa na wenzake. Jumatatu Kornelio alikuja na mwenyekiti wa kijiji, Joel, na vijana wawili waliobeba turubai. Aliwapa pole ya msiba kwanza, kwa kuwa alikuwa hajapata nafasi ya kuja kuzika. Kisha akasema lililomleta. Vumbi lile lilitoka kwenye mawe, na mawe yalikuwa yake.

Shauri lilisikilizwa kwenye ofisi ya kijiji. Watu walijaa kwenye mabenchi, waliokosa nafasi wakasimama dirishani. Hakuna aliyebisha kwamba mzee anakuja. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyemwona njiani ameshika ndara zake. Kilichobishaniwa ni mali.

Samira alipewa nafasi. Alisimama, akafunga mtandio vizuri.

"Nilipokuja kwako, mzee Kornelio, ulisema vumbi lako halikumdhuru baba yangu. Ulisema ana TB. Leo unasema kifua chake kilijaa vumbi lako."

"Nasema hivyohivyo," Kornelio alijibu kwa upole. "Alikufa kwa TB. Vumbi lilikuwamo tu."

Watu wakageukiana. Joel aliandika kitu, akakifuta, akauliza kama kuna mwenye kuongeza. Mzee mmoja wa upande wa dirishani alisema kwamba mtu akimeza shilingi ya mwenzake, shilingi inabaki ya mwenzake. Mwingine alisema mzee Abdurahmani hakumeza, alivutishwa. Jambo hilo lilizungumzwa kwa muda. Mwishowe Joel akasema haya ni mambo mawili na yasichanganywe: ugonjwa ni wa marehemu, na vumbi ni la Kornelio. Familia itaruhusu turubai litandikwe barazani. Akamuuliza Samira kama ameridhika, naye akasema hapana. Joel akaandika kwamba pande zote zimesikilizwa.

Ila Wegesa, ambaye hakuwa amepewa nafasi, alisema kutoka nyuma kwamba kama mwenye kifua anakuja kila siku kwa miguu yake, basi na aulizwe mwenyewe. Ikaonekana ni haki. Jioni wakaenda wote kwa kina Samira, wakakaa uani wakisubiri.

Mzee Abdurahmani aliingia kwa wakati wake. Aliona watu, akawasalimia, akanawa miguu. Alipomwona Kornelio alisimama wima kama alivyozoea kusimama mbele yake kilimani.

"Karibu bosi," alisema.

"Ahsante mzee. Tumekuja kwa habari ya vumbi."

"Nimesikia." Akakaa. "Bomba la maji mliweka?"

Kornelio alisita kidogo. "Bado, mzee."

"Bado," Mzee Abdurahmani alirudia. Aligeuka ukutani akakohoa kwa muda, watu wakimsubiri. Alipomaliza alikuwa na machozi ya kikohozi. "Mimi vumbi silitaki. Wala sitaki libaki nyumbani kwangu, kuna watoto. Lichukueni. Lakini wawekeeni vijana maji."

"Tutaweka," Kornelio alisema.

"Umesikia, mwenyekiti?"

"Nimesikia, mzee," Joel alisema.

Samira alimtazama baba yake. Alitaka kumwambia kwamba ametoa kitu kikubwa kwa neno moja, na kwamba neno lenyewe alishalisikia mara nyingi akiwa hai. Lakini mzee alikuwa amefurahi. Uso wake ulikuwa na utulivu ambao hakuwa nao hata siku ile Samira alipofaulu. Samira akaenda kumletea maji ya kunywa.

Kuanzia hapo vijana wa Kornelio walikuja kila alasiri. Walitandika turubai barazani, wakaweka kiti juu yake, wakakaa pembeni. Kornelio aliwapa barakoa nzuri, zile nene zenye chujio, kwa sababu vumbi la mzee lilikuwa jepesi na hakutaka wapige chafya wakalipeperusha. Karashani kwenyewe hapakuwa na barakoa hata moja. Vijana walifanya kazi kilimani asubuhi nyuso wazi, na alasiri wakazivaa kuja kukaa na marehemu.

Nao walimheshimu. Walimwamkia, wakamsogezea kiti, wakamweleza habari za mpira. Mmoja wao aliwahi kumsomesha mdogo wake kwa baiskeli iliyotengenezwa na mzee bure, na jioni ile alipotambua hivyo alikunja turubai polepole kuliko siku zote. Lakini alilikunja.

Kila mzee alipokuja aliuliza, "Maji yameshafika?" Vijana walijibu kwamba mipira imeagizwa. Baadaye walijibu kwamba mipira imefika lakini pampu bado. Baadaye walijibu, "Kesho, mzee." Mzee aliitikia kwa kichwa. Pumzi yake ilikuwa imefunguka kiasi kwamba aliweza kucheka. Samira hakuwa amemsikia akicheka tangu chuo, na kicheko kilikuwa kipana, cha mtu wa mwili mkubwa, ambao yeye hakuwa nao tena.

Faridu alikuwa ameanza kuchelewa kurudi. Alimwambia dada yake amepata kibarua Bomani, kwa fundi wa pikipiki. Samira alimpikia, akampa chakula, hakumuuliza anapata wapi tope jeupe kwenye viatu. Alijua. Hakukuwa na kibarua kingine, na Faridu alikuwa amekwishapeleka posa upande wa Mugumu. Wazazi wa binti, Waislamu wenye duka dogo huko, walikuwa wamesema watamsubiri, lakini si milele.

Jioni moja Faridu aliwahi kurudi na kumkuta baba yake. Alipiga magoti kumwamkia. Mzee alifurahi kumwona, kwa maana zile siku zote walikuwa wakipishana.

"Unafanya kazi wapi siku hizi?"

"Bomani, baba. Kwa fundi."

"Fundi mzuri?"

"Mzuri."

Mzee Abdurahmani akanyoosha mkono akampitisha kidole gumba kwenye nyusi, kwanza ya kulia, halafu ya kushoto, kama anavyopanguswa mtoto aliyeamka usingizini. Akakitazama kidole. Vijana wa Kornelio waliangalia pembeni. Mzee alijifuta kidole kwenye kanzu yake, akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, akauacha hapo mpaka adhana.

Siku hiyo hakuuliza habari za maji. Wala hakuuliza tena.

Vumbi likapungua. Mwanzoni lilikuwa la kujaza bakuli, likawa la kujaza kikombe, likawa la kukwaruza. Kornelio alikuja mwenyewe kuona, akauliza kama mzee hawezi kukohoa kwa nguvu zaidi. Mzee alijaribu. Hakuna kilichotoka ila pumzi, safi, ndefu, yenye harufu kidogo ya udongo uliolowa. Vijana walikung'uta turubai, wakalitazama, wakalikung'uta tena.

"Ameisha," mmoja alisema.

Kornelio alimpa Samira mkono, akamshukuru kwa ushirikiano, akaondoka na watu wake. Turubai walilichukua.

Mzee Abdurahmani alibaki barazani. Alivuta hewa, akaitoa. Alivuta tena. Kisha akamwomba Samira amletee mkeka, na Samira akautandika pale chini ambapo turubai lilikuwa. Mzee akalala chali. Alinyoosha miguu, akanyoosha mikono, akatazama bati la baraza. Kifua chake kilipanda na kushuka bila sauti. Samira alikaa kando yake. Alitaka kumuuliza ya huko anakotoka, akakumbuka maonyo ya imamu, akaacha.

"Nimechoka," mzee alisema.

"Lala, baba."

"Faridu mwambie aache."

"Nitamwambia."

Akalala. Adhana ilipopigwa Samira alikwenda kutia udhu, na aliporudi mkeka ulikuwa mtupu. Ndara zilikuwa hazipo. Jioni iliyofuata alipika mapema, akaacha baraza tupu, akasubiri. Akafanya hivyo jioni nyingine na nyingine, na baadaye akawa anapika wakati wowote.

Alimwambia Faridu. Faridu alisikiliza akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, akasema ataacha wakishafunga ndoa. Walipofunga ndoa akasema ataacha mtoto akizaliwa.

Maji hayakufika kilimani. Samira alipanda mara mbili kuuliza. Mara ya kwanza Kornelio alimwagizia soda akamweleza bei ya pampu. Mara ya pili hakuwapo. Joel naye alisema ahadi ile ilitolewa kwa marehemu, na aliyeahidiwa ndiye mwenye kudai. Akija tena, aje ofisini.

Werema alikufa kabla ya masika. Alirudi siku ya sita, jioni, amevaa koti la mvua, na vijana wa Kornelio walikuwa wameshatandika turubai. Baada yake alirudi Ryoba, na baada ya Ryoba, Simioni, ambaye hakuwa hata na miaka thelathini. Watu wa kijiji walizoea. Wakikutana kupeana pole waliulizana kama ameanza kuja, na mkewe anaendeleaje na wale vijana barazani. Duka la vifaa pale Bomani likaanza kuleta maturubai yaliyoshonwa pindo, yasimwage pembeni. Wegesa alimuuliza Samira mumewe atachukua muda gani mpaka apone, na Samira akamwambia inategemea alifanya kazi miaka mingapi.

Jumamosi moja asubuhi Samira alikuwa uani akifua. Wifi yake, mke wa Faridu, alikuwa na mimba kubwa na hakuweza kuinama, kwa hiyo nguo za Faridu alizifua yeye. Maji ya suuzo la kwanza yalikuwa meupe kama maziwa ya unga. Alinyanyua beseni kuyamwaga kwenye mgomba.

"Dada Samira," mtu alimwita kutoka getini. Alikuwa mmoja wa vijana wa Kornelio, yuko kwenye pikipiki, hajaizima. Alimsalimia vizuri, akamuuliza hali ya wifi yake. Kisha akasema, akionyesha beseni kwa kidevu, kwamba bosi ameomba maji ya nguo za kazi yasimwagwe. Watapita kuyachukua Jumatano na Jumamosi.

Ndani Faridu alikuwa anakohoa, kikohozi kifupi cha asubuhi, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kwenda kazini.

Samira alisimama na beseni mikononi. Kisha akaliweka chini, akatafuta ndoo yenye mfuniko, akayamimina yale maji taratibu mpaka tone la mwisho, akafunika, kuku wasije wakanywa.